"NDIYO, MUGANGA" SI DALILI YA KUELEWA
Mafundisho ya Butembo na Beni kwa dispansere, kwa kapita na kwa kila nyumba

Ndugu mfanyakazi, na wewe mama unayeusoma ukurasa huu nyumbani,

Umezoea kwamba muganga akiandika hapa, anaandika juu ya makosa yako: hukuvaa kofia, hukuchemsha maji, ulichelewa kuleta mtoto. Leo sivyo. Leo nitaanza na kosa langu mwenyewe.

Miaka kadhaa iliyopita, katika dispansere moja nilikofanya kazi kabla ya kuja hapa, mama mmoja alileta mtoto wake wa miaka minne mwenye homa. Tulimpima damu, tukakuta malaria. Nikampa kinini za siku tatu, nikaandika juu ya bahasha: "2 x 1/j, 3 j". Nikamweleza mbiombio, nusu Kifaransa na nusu Kiswahili, kwa sababu nyuma yake mstari ulikuwa mrefu mpaka nje. Nikauliza: "Mama, umeelewa?" Akajibu: "Ndiyo, muganga." Akamfunga mtoto mgongoni, akaenda.

Siku ya nne baba alimleta mtoto huyo mikononi, ana degedege. Ilikuwaje? Homa ilishuka siku ya kwanza. Mama akaona mtoto amepona, akaziweka kinini zilizobaki ili siku nyingine zimsaidie mdogo wake. Hakuna aliyemwambia kwamba homa hushuka kabla ugonjwa haujaisha. Tulimkimbiza hospitali, akachomwa sindano za malaria, na Mungu akasaidia. Leo mtoto huyo anasoma.

Lakini sikia niliyoyaandika siku ile katika kitabu cha wagonjwa: "Mama hakufuata maagizo." Basi. Mzigo wote nikamtwika mama. Mimi niliyemwandikia alama ambazo hakuna aliyemfundisha kuzisoma, sikujiandika popote.

Ndugu msomaji, neno la leo ni hilo. Mara nyingi mtu asipoelewa mambo ya afya, tunasema yeye ndiye mjinga, afundishwe. Tungepaswa kwanza kuitazama dispansere, hospitali, ofisi au kampuni inayosema naye. Labda hapo ndipo ugonjwa ulipo. Ushahidi mkubwa tunao nyumbani kwetu, Butembo na Beni.

DAWA ILIKUWAPO, MAGARI YALIKUWAPO

Tarehe 1 Agosti 2018 Wizara ya Afya ilitangaza kwamba Ebola imeingia Kivu ya Kaskazini. Ilianzia Mangina, kama kilometa 30 kutoka Beni. Ikaingia Beni mjini, kisha ikashuka Butembo na Katwa. Ilipotangazwa kwamba imekwisha, tarehe 25 Juni 2020, watu 3,470 walikuwa wameugua na 2,287 wamekufa. Yaani katika kila wagonjwa watatu, wawili walizikwa. Nchi yetu haikuwa imeona Ebola kubwa kama hiyo, na duniani ilipitwa tu na ile ya Afrika ya Magharibi ya mwaka 2014 mpaka 2016.

Sasa fikiri. Safari hii chanjo ilikuwapo, na watu walianza kuchanjwa tarehe 8 Agosti, wiki moja tu baada ya tangazo. Mashine za kupima damu zilikuwapo. Madaktari walitoka nchi nyingi, na magari yalijaa barabarani. Pamoja na hayo, mwanzoni mwa mwaka 2019 ugonjwa ulizidi kuwaka Katwa na Butembo. Tarehe 24 Februari kituo cha kutibu Ebola cha Katwa kilishambuliwa na kuchomwa moto. Siku tatu baadaye, kile cha Butembo. Tarehe 19 Aprili watu wenye silaha waliingia katika hospitali ya Chuo Kikuu cha Graben, Butembo, wakamwua Daktari Richard Mouzoko, Mkameruni aliyetumwa na Shirika la Afya la Dunia. Alikuwa mkutanoni na wenzake, akifanya kazi ya kutuokoa.

Mwezi wa Machi mwaka ule Daktari Joanne Liu, aliyekuwa mkuu wa Madaktari Wasio na Mipaka, alieleza wazi kwamba kazi ile ilikuwa inashindwa kuwapata watu. Zaidi ya vifo vinne katika kila kumi vilikuwa vinatokea nje ya vituo vya matibabu. Wagonjwa walikuwa wanafia majumbani, mikononi mwa wale waliowapenda, na kuwaachia ugonjwa.

Na ripoti za wakati ule ziliandika neno gani? "Watu wanakataa." Lile lile langu la kitabuni: mama hakufuata maagizo.

HAWAKUWA VICHWA VIGUMU, WALIKUWA NA MASWALI

Mwezi wa Septemba 2018 wachunguzi waliwauliza watu wazima 961 wa Beni na Butembo. Mmoja katika kila wanne hakuamini kwamba Ebola ipo. Wale waliowaamini wakubwa wa serikali wa hapo kwao hawakufika theluthi moja. Na ilionekana kwamba mtu asiye na imani na wakubwa hukubali chanjo kwa shida, na hospitali huenda kwa shida.

Kwa nini imani ilikuwa haba? Wewe uliye na ndugu kule wajua. Tangu Oktoba 2014 watu wa Beni na vijiji vyake wamekuwa wakiuawa usiku kwa mapanga na bunduki. Wakauliza: "Tulipokuwa tunachinjwa, magari haya yalikuwa wapi?" Malaria na kuhara huua watoto kila mwaka. Wakauliza: "Kwa nini ugonjwa huu mmoja tu ndio una pesa?" Tarehe 26 Desemba 2018 ilitangazwa kwamba Beni na Butembo hazitapiga kura pamoja na nchi, mpaka Machi 2019, kwa sababu ya Ebola na ukosefu wa usalama. Rais mpya aliapishwa Januari, kabla wao hawajapiga kura. Wakauliza: "Sokoni tunakutana, kanisani tunakutana, je, Ebola ipo penye sanduku la kura tu?" Kesho yake, tarehe 27, watu wenye hasira walivunja mahali pa kuchunguzia wagonjwa huko Beni.

Kulikuwa na maswali mengine ya ndani zaidi. Kwa nini muganga aje na askari? Kwa nini ninayempeleka nyuma ya ule ukuta simwoni tena? Katika mfuko uliofungwa kuna baba yangu, au mawe?

Ndugu msomaji, mjinga haulizi maswali kama hayo. Ni maswali ya mtu mwenye akili ambaye hajajibiwa. Na majibu yaliyokuja mara nyingi yalikuja kwa Kifaransa, kwenye karatasi zilizobandikwa ukutani, huku mama wa sokoni Katwa analia kwa Kinande na kuuza kwa Kiswahili.

Habari yenyewe pia iliumiza. Mtu akiambiwa tu "Ebola inaua, Ebola haina dawa," atatoka nyumbani kwenda kituoni kufanya nini? Atabaki afe karibu na watoto wake.

KILICHOBADILIKA NI KAZI YENYEWE

Pole pole, na wakati mwingine kwa kuchelewa, waliokuwa wakipigana na Ebola walianza kujibadilisha wao. Nitakutajia mambo machache, kwa sababu kila moja lina somo kwetu.

Kwanza, ukuta. Shirika la ALIMA lilileta vyumba vya plastiki inayopenyeza macho. Mgonjwa alikaa ndani peke yake, lakini mke wake aliweza kuketi nje, kumwona na kuzungumza naye. Muganga naye aliweza kumhudumia kwa mikono ya mpira iliyoshonwa kwenye ukuta huo. Hakuna aliyehitaji tena kusadiki tu. Aliona.

Pili, mfuko wa maiti. Mahali pengine ililetwa mifuko yenye sehemu angavu, ili jamaa waone uso wa mtu wao kabla ya kuzika. Vijana wa hapo hapo walifundishwa kuzika kwa usalama, na familia ikapewa nafasi ya kusali na kusindikiza.

Tatu, masikio. Wajitoleaji wa Msalaba Mwekundu walipita nyumba kwa nyumba. Hawakwenda kusema tu, walikwenda pia kuandika: watu wanauliza nini, wanaogopa nini, uvumi gani unapita. Maneno hayo yalipelekwa mikutanoni, na mambo kadhaa yakabadilishwa kwa sababu yake.

Nne, malaria. Dalili za kwanza za Ebola zinafanana na za malaria, na wagonjwa wa malaria walikuwa wanachanganyika na wa Ebola katika vituo vidogo. Mwishoni mwa Novemba 2018 huko Beni ziligawanywa dawa za malaria na vyandarua, kwa watu wapatao 450,000 waliolengwa. Ile ilisaidia kuwatenganisha wagonjwa. Tena ilijibu swali la mama: "Na ugonjwa wa mtoto wangu, je?"

Tano, waliopona. Mtu aliyepona Ebola ana kinga mwilini. Wengi wao waliajiriwa kuwabeba na kuwalisha watoto wachanga ambao mama zao walikuwa vituoni. Mtu aliyepona akisema "nenda mapema", huzidi makaratasi mia.

Sita, uongozi. Julai 2019 kazi yote iliwekwa mikononi mwa Profesa Jean-Jacques Muyembe, Mkongo aliyeijua Ebola tangu Yambuku, mwaka 1976. Agosti ile ile matokeo ya dawa zilizojaribiwa katika vituo vyetu yalitangazwa: mbili zilishinda nyingine. Moja kati ya hizo, mAb114, ilitokana na damu ya mtu aliyepona Ebola ya Kikwit ya mwaka 1995. Kwa wagonjwa waliofika mapema, virusi vikiwa bado vichache mwilini, karibu tisa katika kila kumi walipona kwa dawa hizo. Hapo neno likageuka. Badala ya "Ebola haina dawa", watu waliambiwa: "Njoo mapema, upone."

Sitaki kukudanganya kwamba kila kitu kilinyooka. Mnamo tarehe 28 Novemba 2019 wafanyakazi wa Ebola waliuawa tena, huko Biakato, mji wa wachimba dhahabu. Lakini Ebola iliporudi upande wa Butembo, ikatangazwa tarehe 7 Februari 2021, waliosimama mbele walikuwa zaidi waganga wa hapo hapo. Safari hiyo waliugua watu 12, wakafa 6, na tarehe 3 Mei ilitangazwa kwamba imekwisha. Sita si kidogo kwa jamaa zao. Ila utakumbuka ile hesabu ya 2,287.

NA SISI WATU WA MIGODI?

Usidhani hii ni habari ya watu wa sokoni peke yao. Kati ya mwaka 1998 na 2000 ugonjwa wa Marburg, ndugu yake Ebola, ulipiga Durba na Watsa. Watu 154 waliugua, 128 wakafa. Wengi walikuwa vijana wachimba dhahabu waliokuwa wanashuka shimo la Goroumbwa, ambamo popo walijaa. Ugonjwa ulikoma baada ya maji kulifurika shimo lile.

Jambo la kushangaza ni hili: watu wa Durba walikuwa wanaujua ugonjwa ule wa kutokwa damu miaka mingi kabla, na walikuwa wameupa jina la mji wao. Maabara ilithibitisha jina la Marburg mwaka 1999. Ujuzi ulikuwamo shimoni, kwa wachimbaji. Sikio ndilo lilichelewa kufika.

Na hapa kwetu, nani anajua kwanza kwamba popo wamehamia njia ya zamani chini ya ardhi? Ni wewe. Nani anajua kwanza kwamba mwenzako amefanya kazi siku mbili na homa? Ni wewe. Je, kuna mtu wa kumwambia bila kuogopa? Ukijibu "hapana", basi kampuni ndiyo yenye kosa la kutengeneza, hata kama umehudhuria mafundisho yote ya usalama.

TUBADILISHE NINI HAPA?

Dispansere. Sisi tumeanza. Juu ya bahasha ya dawa hatuandiki tena alama zetu peke yake. Tunachora jua la asubuhi na mwezi wa usiku, na chini yake idadi ya kinini, kwa kila siku mstari mmoja. Pia hatuulizi tena "Umeelewa?", kwa kuwa kila mtu hujibu ndiyo ili asimchoshe muganga wala asionekane mjinga. Tunasema: "Mama, nataka kujua kama nimeeleza vizuri. Ukifika nyumbani, utampaje mtoto dawa hii?" Akikosea, tunaeleza upya. Wewe uliye shimoni hili hulishangai. Kengele ya kushusha watu ikipigwa, anayeendesha mashine huirudisha kwanza, ndipo aguse mkono wa mashine. Hatusemi kwamba yeye ni mjinga. Tunasema maisha ya watu yako kwenye kamba ile. Basi na kinini za mtoto ni hivyo hivyo.

Kapita. Kabla ekipi haijashuka, dakika tano zatosha, na jambo moja tu kwa siku. Sema kwa lugha wanayotaniana nayo. Kisha nyamaza, waulize wao wameona nini jana. Swali usilolijua, sema "nitaleta jibu kesho", na kesho ulilete. Ukikosa kulileta mara mbili, hawatakuuliza tena, na wewe utafikiri wameelewa.

Ofisi. Hapa nasema kwa heshima, lakini nasema. Mfanyakazi anaweza kujua dalili zote za ugonjwa kwa kichwa. Kama akisema ana homa anakatwa siku yake, atameza kinini moja ya dukani na kushuka shimoni. Huyo hakukosa mafundisho. Alipiga hesabu ya unga wa watoto. Anayetoa habari ya ugonjwa au ya hatari asipoteze mshahara wa siku hiyo. Tena, karatasi ya afya isibandikwe kabla haijasomwa mbele ya wafanyakazi wawili na mama wawili wa kambi. Wakikwama kwenye neno, neno hilo litoke.

Wewe mwenyewe. Usiondoke dispansere kabla ya kupata majibu ya maswali haya matatu:

1. Nina ugonjwa gani?
2. Nifanye nini, na kwa siku ngapi?
3. Nikiona nini nirudi haraka?

Muganga akikunja uso, uliza tena. Ni haki yako, na mimi nakuruhusu kunikumbusha ukurasa huu.

Mama wa nyumbani. Maliza dawa ya malaria hata kama mtoto anacheza. Usiweke akiba ya kinini kwa mtoto mwingine, kwa maana dozi ni ya uzito na umri. Mtoto asiyeweza kunyonya au kunywa, anayetapika kila kitu, mwenye degedege au anayelala bila kuamka vizuri, asingoje asubuhi. Mlete usiku huo huo.

Na juu ya Ebola na Marburg, kumbuka haya kwa ufupi. Haziambukizi kwa hewa kama mafua. Huambukiza kwa damu, matapishi, mavi, jasho na maji mengine ya mwili wa mgonjwa au wa maiti. Dalili huanza kati ya siku 2 na 21 baada ya kuambukizwa. Usioshe maiti ya mtu usiyejua kilichomwua, ita waganga. Ukiona popo wengi katika njia ya mgodi, usiwaguse, usiwale, usilale humo, mjulishe kapita.

NENO LA MWISHO

Siku hizi katika kitabu chetu cha wagonjwa tumekataza kuandika "hakufuata maagizo" peke yake. Anayeandika maneno hayo lazima aongeze sababu, na sababu lazima aiulize kwa mgonjwa mwenyewe. Mpaka sasa tumepata sababu nyingi: sikuelewa bahasha, mume alikuwa safarini, niliogopa, maji safi hayakuwapo, muganga alinifokea. Sijapata hata moja inayosema: mimi ni mkaidi.

Ile sentensi yangu ya zamani siwezi kuifuta, kitabu kile kilibaki kule. Lakini kama ningekipata leo, ningeongeza chini yake: "Muganga hakueleza."

Dispansere yetu ni wazi kwa wote, hata kwa swali tu bila ugonjwa. Njoo.

ULIZA. RUDIA KWA MANENO YAKO. NENDA UMEELEWA.